Ndugu Haingii Kwenye Ikama

Nilipomaliza kidato cha nne, dada yangu alinifuata nyumbani Butiama, akamwambia mama kwamba nakwenda Musoma kumsaidia. Hilo neno kusaidia nalichukia mpaka leo. Ukiitwa kufanya kazi, unauliza mshahara. Ukiitwa kusaidia, unafunga begi na kushukuru. Nilifunga begi, nikashukuru, nikasaidia miaka kumi na kitu.

Dada alikuwa na hoteli ya chakula pale Nyakato. Watu waliifuata kwa sababu ya sato wake, na hao sato nilikuwa nawafuata mimi mwaloni Mugango alfajiri, nawapara mimi, nawakaanga mimi, na mchuzi naunga mimi. Wateja wakishiba walimwambia dada kwamba ana mkono mzuri. Naye, amekaa kaunta na kucha zake zilizopakwa rangi, aliwajibu asanteni. Wahudumu walikuja na kuondoka, kila mmoja na mshahara wake. Mimi nililala chumba cha nyuma na magunia ya unga, nikapewa gauni kila Krismasi, na nikiugua nilipelekwa hospitali huku nakumbushwa nani kalipa.

Nilivumilia kwa sababu niliona mbele kuna kitu. Biashara ilikuwa inakua, na dada alipata fremu Bunda, jirani na stendi, afungue tawi. Hakuniambia kwamba nitalisimamia mimi, lakini nani mwingine? Nilishaanza kuulizia vyumba vya kupanga kule. Nilitaka chumba chenye ufunguo wangu, na jina langu lisomwe siku ya mishahara kama la watu wengine.

Shemeji yangu, mume wa dada, ana mdogo wake aliyesomea utawala Mwanza. Huyo ndiye aliyeitwa kupanga ikama, yaani watu wangapi wanahitajika na kila mtu afanye nini, Nyakato na Bunda. Alikuja Jumapili baada ya ibada, na kompyuta mpakato na manukato ya kuua nzi. Niliwapelekea soda yeye, dada na shemeji, halafu na mimi nikavuta kiti nikakaa, ingawa hakuna aliyenikaribisha.

Kijana akauliza hoteli ina wafanyakazi wangapi. Dada akawataja: wahudumu, mwosha vyombo, mlinzi, na binti wa chapati. Akauliza nani mpishi mkuu. Dada akasema jikoni hakuna shida, waendelee. Wakaendelea. Kwa Bunda walihitaji wapishi wawili wapya, wahudumu, na msimamizi. Usimamizi, kijana akasema huku anajikohoza, yeye yuko tayari kuubeba kwa kuanzia. Mtu ambaye hajui sato anaanza kuoza upande gani. Shemeji akaitikia kwa kichwa, na dada akacheka kwa furaha.

Nikauliza kwa heshima yote iliyobaki, "Dada, na mimi umeniweka wapi?"

Akanitazama kama nimemvua kilemba mbele za watu.

"Wewe si mfanyakazi, wewe ni ndugu. Ulikuwaga unasaidia tu. Sijawahi kukuhesabu na hao."

Alisema kwa upole, alidhani ananipandisha cheo. Afadhali angenitukana. Tusi lingekwisha siku ile ile.

Basi nikaamua kuwa ndugu. Jumatatu sikuwasha jiko. Nilioga, nikavaa gauni la kanisani, nikakaa meza ya mbele na kuagiza chai. Madereva wa bodaboda walikuja kutafuta supu, wakaondoka wanasonya. Sato nao hawana mazoea ya kujileta kutoka Mugango. Dada alipofika na kuniuliza nafanya nini, nilimwambia nimekuja kumsalimia. Alidhani ni hasira za siku moja. Jumanne akamshika mhudumu mmoja kwa lazima akaange samaki, na wateja wakarudisha sahani. Nilikula chapati yangu taratibu nikiwaangalia, na nasema kweli, nilifurahi. Wakinisoma wanaonijua, waseme nina roho mbaya. Ninayo.

Siku ya tatu dada akasimama juu yangu, mikono kiunoni, akanipa ile ya mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nikamwambia kama kuna kazi ya jembe, aiweke kwenye ikama. Mchana ule begi langu lilikuwa nje. Mama akapiga simu kutoka Butiama, tayari ameshapewa habari upande mmoja, akaniambia nikamwombe msamaha mkubwa wangu aliyenilea. Nilimsikiliza mpaka akamaliza, nikamwambia shikamoo, nikakata.

Nilipanda gari kwenda Bunda. Si kwenye lile tawi, bali kwa mama mmoja mwenye hoteli upande wa pili wa stendi, niliyesikia anatafuta mpishi mkuu. Nilimweleza kila ninachoweza kupika. Alinipenda, nililiona hilo. Akaniuliza nilifanya wapi kazi miaka yote hiyo, nikamtajia. Yule mama ni mwangalifu, na simlaumu. Akaomba namba ya dada, akampigia pale pale, akaweka spika ili mikono yake iendelee kuchambua mchele.

Akajitambulisha, akaniulizia.

"Huyo hajawahi kufanya kazi kwangu," dada akasema. "Ni mdogo wangu. Alikuwa anakaa tu kwangu."

Hakusema kwa hasira. Kelele za sahani zilisikika nyuma yake, na mtu analalamika kuhusu samaki.

Yule mama akakata simu, akanitazama, akaniuliza sasa amwamini nani. Nilikuwa na maneno ya kujaza siku nzima, lakini nilijua nikifungua mdomo kumweleza nitalia mbele ya mtu nisiyemjua, na hiyo furaha sikutaka dada aipate hata kwa mbali. Nikamwambia amwamini dada yangu. Nikamwambia mimi sina uzoefu wowote, aniandike kazi yoyote iliyobaki.

Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa mara ya kwanza maishani mwangu, mwanamke wa zaidi ya miaka thelathini. Akaniandika kuosha vyombo.