Indiketa ya Kushoto

Mimi nikiogopa huwa mkali. Mke wangu analijua hilo tangu tulipooana, na wafugaji wa Dutumi niliowahudumia miaka yote nikiwa afisa mifugo wanalijua pia: ng'ombe akirusha teke karibu na uso wangu, anayegombezwa ni mwenye ng'ombe. Basi siku zote nilizoendesha pikipiki Japani nilikuwa mkali, kwa sababu siku zote hizo nilikuwa naogopa.

Safari ilikuwa wazo la binti yetu. Ndiye mtoto wetu pekee, tuliyempata baada ya miaka mingi ya kwenda hospitali na kurudi mikono mitupu. Alikuwa na mwaka wa nne kule, amemaliza masomo na ameanza kazi, akataka nimtembelee wakati micheri, ile miti ya maua wanayoipenda sana Wajapani, inachanua. Alipokuwa mdogo nilikuwa nampakia mbele, juu ya tangi la pikipiki ya kazini, tunakatiza Janga mpaka Dutumi kuchanja ng'ombe, na hajasahau. Akanipigia simu: "Baba, huku tutakodi pikipiki. Wewe utaendesha, mimi nitakaa nyuma." Mzee mzima nikavimba kichwa, nikaenda kushughulikia leseni ya kimataifa.

Mama yake ni mtu wa Vihingo, kule Kisarawe, na si msemaji sana. Hakuweza kuja kwa sababu alikuwa anamuuguza mama yake mzazi, lakini alinisindikiza uwanja wa ndege. Hakunitakia safari njema. Alisema, "Mtoto ninaye huyo mmoja. Kwenye hiyo pikipiki yenu asipate hata mchubuko." Nikamjibu kwa ukali kwamba nilianza kuendesha pikipiki kabla hajanijua. Alinirekebisha kola ya koti, akaondoka.

Pikipiki tuliyopewa ilikuwa kubwa mara mbili ya ile niliyoizoea. Ukigusa mafuta kidogo tu inataka kukimbia peke yake. Baridi iliingia mpaka kwenye mifupa ya vidole nikawa sijui kama klachi nimeishika au nimeiacha. Na barabara zao ziko kimya. Hakuna anayekupigia kelele, hakuna kondakta anayening'inia mlangoni, hakuna mbuzi anayekatiza. Mtu mwingine angesema raha iliyoje. Mimi ukimya ule ulinitia hofu, kwa maana nyumbani nimezoea kujua hatari iko wapi kwa kuisikia.

Maua yalikuwepo, siwezi kusema uongo. Micheri ilikuwa imejipanga kandokando ya mito na kwenye vilima, myeupe yenye wekundu kwa mbali, na watu wazima walikuwa wametandika mikeka chini yake wanaitazama tu. Nilimuuliza binti yangu matunda yake yanaliwa lini. Akacheka: "Hii haizai cha kuliwa, baba. Ni ya kutazama." Mimi maua niliyozoea kuyatazama ni ya mikorosho, tena kwa sababu ya korosho. Halafu mvua ilinyesha siku ya pili, maua yakapukutika, yakatanda barabarani yakiwa yamelowa. Yeye alikuwa anapiga picha. Mimi nilikuwa naona utelezi.

Siku hiyohiyo ndipo nilipomfokea. Tulikuwa tunapanda mlima, barabara nyembamba, kona juu ya kona, na kila kona nisiyoona mbele nilipiga honi. Ndivyo tunavyofanya kwetu, ndivyo mtu anavyofika nyumbani salama. Kona ya nne au ya tano binti yangu akanigonga mgongoni. Nilishtuka, gurudumu la mbele likayumba. Nikasimama pembeni, nikageuka.

"Nini?"

"Baba, huku honi haipigwi hivyo. Ni kama kumtukana mtu."

"Anayeendesha ni nani?"

"Wewe, baba."

"Basi nikiwa njiani sitaki kuguswa mgongo. Unataka tufe?"

Akasema samahani, baba. Ana shahada mbili na watu wazima wanafanya kazi chini yake, lakini aliniomba samahani kama mtoto wa darasa la pili. Tukaendelea. Nikajisikia nimerudisha heshima yangu, na kumbe kilichonisumbua kilikuwa woga mtupu.

Siku ya tatu, mchana, tulikuwa nyuma ya lori refu lililobeba magogo. Mvua ilikuwa imeacha lakini barabara bado ilikuwa mbichi. Tulilifuata muda mrefu, maji ya matairi yake yakinipiga usoni, nami sioni mbele hata kidogo. Kila nilipochungulia upande wa kulia niliona kona nyingine inakuja. Nilikuwa nimechoka kuogopa, na uchovu wa namna hiyo humtia mtu papara.

Mara lile lori likapunguza mwendo, likawasha indiketa ya kushoto.

Aliyewahi kuendesha barabara ya Morogoro pale Kibaha hahitaji kuelezwa, lakini kwa asiyejua nitasema. Kwetu dereva wa lori ndiye macho yako. Ukiwa nyuma yake na huoni mbele, yeye anakuonea. Akiwasha indiketa ya kulia, anakwambia tulia, kuna gari linakuja. Akiwasha ya kushoto, anakwambia pita, mbele kweupe. Unapita, unampigia honi moja ya shukrani, yanaisha. Nimemwamini mtu nisiyemwona uso kwa namna hiyo maisha yangu yote ya barabarani, na hajaniangusha hata siku moja. Hivyo nilipoona ile taa ya kushoto inapepesa, nilisema moyoni, ahsante ndugu yangu, umenihurumia. Sikufikiri hata kidogo. Nilisikia mikono ya binti yangu ikinikaza kiunoni, nikadhani anasikia baridi. Nikatia mafuta, nikatoka kulia.

Nilipofika usawa wa katikati ya lori, pua yake ikaanza kuja upande wangu. Kumbe upande wa kushoto kulikuwa na kijia chembamba cha kuingia msituni, na lori refu haliwezi kuingia pale bila kwanza kujitanua kulia. Ile indiketa haikuwa ya kunipisha mimi. Ilikuwa ya kusema anakata kushoto, kama ilivyoandikwa kwenye vitabu vyote vya udereva, hata vya kwetu. Na mbele, kwenye kona, likatokea basi.

Siwezi kusimulia vizuri kilichofuata maana akili yangu haikuwepo. Nakumbuka kioo cha basi, kikubwa, na dereva wake aliyevaa glavu nyeupe. Nakumbuka magogo karibu na goti langu la kushoto, nikiona mpaka maganda yake. Breki sikuzishika, na si kwa ujasiri, mkono ulikuwa umekufa ganzi. Basi lilisimama. Lori nalo lilisimama. Katikati yao kukabaki nafasi ambayo mama lishe asingepitisha meza yake, nasi tukapita humo, Mungu anajua tulivyopita.

Nilisimama mbele kidogo, kwenye kieneo cha kuegesha magari chini ya micheri. Nikazima injini. Sikuthubutu kugeuka. Niliogopa nikigeuka nitakuta kiti kitupu.

"Mama," nikaita. Ndivyo ninavyomwita tangu azaliwe.

"Nipo, baba."

Dereva wa lori alikuja mbio, mzee wa makamo yangu, kofia mkononi. Nikajua natukanwa, na nilistahili. Alisema maneno mengi akimwangalia binti yangu, naye binti akawa anainama na kuinama kumwomba radhi, kama ilivyo desturi ya kule. Nikauliza anasema nini. "Anauliza kama tumeumia," akanijibu. Yule mzee akatutazama tena miguu na mikono, akarudi kwenye lori lake.

Tukakaa kwenye ukingo wa barabara. Nikaanza kumweleza habari ya indiketa, jinsi kwetu inavyomaanisha pita. Nilikuwa najitetea, nalijua hilo. Akanisikiliza mpaka nikamaliza.

"Najua, baba. Niliiona, na nilijua anakata kushoto."

"Uliiona?"

"Niliiona kabla hujatoka."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Ulisema hutaki kuguswa mgongo."

Hakusema kwa kunilaumu. Alisema kama anayenikumbusha utaratibu wangu mwenyewe. "Nikafumba macho," akaongeza, "nikakushika." Ndipo nikaelewa ile mikono kiunoni. Kwetu tunasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na nimeusema msemo huo kwa watoto wa watu wengi. Wangu mwenyewe alikuwa tayari afe kuliko kunikatiza.

Nilimwambia nisamehe, mama. Sikumbuki kama nilishawahi kulitamka neno hilo kwa mtoto. Ndipo akalia, nami nikamshika.

Simu yake ikaita. Ilikuwa mama yake, maana kwetu ilikuwa asubuhi na kila asubuhi alipiga. Binti yangu akafuta uso, akanipa simu. Mke wangu akauliza, "Mtoto mzima?"

"Mzima."

"Mbona sauti yako hivyo?"

"Baridi tu."

Binti yangu alinisikia. Alinitazama, kisha akainamisha macho akanyamaza, na nilipoona ule unyamavu hofu ilinirudia, kubwa kuliko ya basi. Nikamnyooshea simu.

"Mwambie."

"Nimwambie nini, baba?"

"Yote. Yalivyotokea."

Akaipokea. Alianza polepole, akinitazama kila baada ya sentensi kama anaomba ruhusa, halafu akaacha kunitazama. Alisema habari ya lori, ya basi, hata ya honi na nilivyomfokea mlimani. Nilisimama palepale nikasikiliza, na hakuna aliponisingizia. Mwishoni akanirudishia simu. "Mama anakutaka." Nikaiweka sikioni, nikamwacha aanze yeye.