Ng'ombe Mwenye Miguu Mirefu

Nachora ng'ombe kwenye kuta za mabucha, kuanzia Igogo mpaka Mkolani, na kazi hiyo imenijengea nyumba. Shule niliionja tu. Juzi mvua ililowesha samadi nyuma ya bucha moja, na harufu yake ikanirudisha nyumbani, upande wa Magu.

Mama alikuwa anasiriba ukuta kwa udongo na kinyesi cha ng'ombe, maana wageni wa kumposa dada walikuwa njiani. Nyuma yake, kwenye ukuta mbichi, nikachora ng'ombe kwa kidole.

"Huyu ng'ombe au korongo?" bibi akacheka. "Mfute, wageni watatusema."

Mama akaja na mkono uliojaa tope. Nikafumba macho. Nilipofumbua, alikuwa anasiriba pembeni yake tu, akimzunguka taratibu mpaka kwenye kwato.

"Mwacheni asimame," akasema. "Akikauka, atakuwa wetu."

Wenye mabucha hawaishi kulalamika. "Mzee, miguu mirefu mno hiyo!"

"Basi tafuta mwingine akuchoree," nawajibu, huku brashi yangu ikizunguka kwato taratibu.