Jumatatu za Kumsikiliza Mama wa Kinorwei

Kila Jumatatu, saluni ya mjini nilikofanya kazi ikiwa imefungwa, niliketi kwenye kiti cha jikoni mtaani Glenwood, ugenini, nikisikiliza lugha nisiyoielewa hata neno. Mwenye nyumba wangu alikuwa bibi wa Kinorwei, mwigizaji wa jukwaani tangu usichana wake, ambaye uzeeni aligeuka mwandishi wa kitabu cha maisha yake. Mimi nilipanga chumba cha uani. Nilimwita Mama, kama tunavyowaita kwetu Bukavu wanawake wote wa umri wake.

Hakuweza kuandika kimya kimya. Kila ukurasa lazima ausome kwa sauti, amesimama wima, mkono mmoja juu ya friji, na lazima pawe na mtu wa kumtazama. Wanafunzi waliopanga vyumba vya mbele walimkimbia. Mimi nilibaki, na sitadanganya, mwanzoni ni kwa sababu ya mikate yake midogo ya iliki. Baadaye nilimpenda. Alipocheka nilicheka, sijui tunacheka nini, na tumbili walipoingia dirishani kuiba ile mikate aliwafokea kwa Kinorwei hichohicho cha kitabu. Nikizikumbuka Jumatatu zile moyo unaniuma.

Ilikuwa imebaki sura moja, ya kifo cha mama yake. Daktari alishamwonya kwamba moyo wake mwenyewe umechoka, na alitaka kuimaliza kabla haujamshinda. Alinieleza kwa Kiingereza: mama yake alikata roho yeye akiwa jukwaani, ukumbi umejaa, na hakuweza kuwaangusha watu. Kisha akaisoma. Sauti ilitetemeka, machozi yakashuka pale hasa yalipotakiwa.

Nyumbani nilikaa matanga mengi. Namjua anayelia na anayelia ili aonekane.

"Eish, Mama," nikasema. "Hapo unalia kwa ajili yangu. Kwa mama yako bado."

Alinitazama kama nimemtemea mate, akaninyooshea mlango. Wiki tatu hakunisalimu, nami kwa kiburi changu sikumsalimu. Nilipita uani nimebinua midomo, ingawa nilijua naweza kukosa pa kulala.

Wiki ya nne, Jumatatu, alinigongea mwenyewe. Aliketi kitandani kwangu na karatasi moja, akasoma kwa Kiingereza, polepole, mikono imetulia. Jioni ile mama yake alikuwa amemwomba abaki. Tena alikuwepo mwigizaji mwingine aliyeijua sehemu yake, tayari kuingia badala yake. Alikwenda kwa sababu alikiogopa kile chumba cha mgonjwa, na alipoinama kupigiwa makofi alifurahi.

Hapo uso ukamharibika. Kamasi zikamtoka, kwikwi zikambana, na ile sauti yake ya jukwaani haikuwepo tena.

"Nimechelewa?" akaniuliza.

Nilimvuta begani kwangu. "Sana, Mama," nikamwambia. "Lia tu."