Shangazi Verna Aahidi Kunyamaza

Tangu Darold azaliwe, Shangazi Verna hakuwahi kumpa nafasi ya kupumua. Kwa Wahopi, wenyeji wa asili wa Marekani, shangazi ndiye mtani wa mtoto wa kaka yake: humwita mpenzi mbele za watu, humtukana mpaka wachumba wake, na kijana hana ruhusa ya kununa. Shangazi akinyamaza, ujue hakupendi.

Kwa hiyo Verna alishangaa Darold alipomvuta kando, hapo kwenye maegesho ya hifadhi alikofanya kazi ya kuongoza wageni.

"Shangazi, nakuomba. Leo mkuu ananikagua. Nikiharibu, kazi ya kudumu anapewa mwingine."

"Nani kasema nitakuharibia?"

"Nakujua. Usije ukataja batamzinga."

"Basi, mpenzi wangu. Leo mimi bubu."

Wakateremka kwa ngazi za miti hadi kwenye nyumba za kale za mawe zilizojificha chini ya mwamba. Verna, sketi mkononi, magoti yakilalamika, aliwasalimu wahenga wake, wenye nyumba, kimoyomoyo, kisha akaketi. Mkuu, mama mmoja mrefu aitwaye Hendershot, alisimama nyuma ya wageni, mikono kifuani.

Darold akaanza, kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba. Kila neno alilikariri. Mgeni mmoja akapiga miayo. Verna akaing'ata shali yake.

"Hatimaye," Darold akasema, "wenyeji wa hapa walitoweka."

"Wote?" akauliza bibi mmoja mwenye kofia. "Hakubaki hata mmoja?"

Darold akamtazama mkuu. "Wataalamu bado wanatafuta majibu."

Shali ikamtoka Verna mdomoni.

"Wanatafuta? Mimi niko hapa juu ya jiwe, viatu vinanibana, na wao wananitafuta! Na huyu anayesema tumetoweka, mbona wakati wa kula hatoweki? Juzi kamaliza mikate ya mahindi ya buluu sinia zima!"

Wageni wakaangua kicheko. Darold akageuka rangi. Mkuu hakucheka. Hotuba yote ikamruka kijana. Kisha akavua kofia.

"Jamani, huyu ni shangazi yangu. Kwetu ana haki ya kunifanyia hivi mpaka nizeeke." Akapumua. "Na amesema kweli. Hatukutoweka. Tulihama, tukajenga kwingine, na bado tupo. Mnaona lile jiwe la kusagia? La nyumbani kwake linafanana na hilo."

"Sema pia nilikufundisha kusaga ukalia."

"Nililia, Shangazi."

Verna akainuka, akainama juu ya lile jiwe aonyeshe mabega yanavyokwenda.

"Shangazi, hairuhusiwi kugusa!"

"Kwani nimegusa? Na nikigusa watanifukuza kwetu?"

Maswali yakamiminika. Safari hii Darold alijibu kwa mikono, kwa macho, akipokezana maneno na shangazi yake, na hakuna aliyepiga miayo tena.

Walipopanda juu, Mama Hendershot akamsimamisha Darold. "Kazi ni yako. Ila hilo neno 'walitoweka' nisilisikie tena."

Darold akamgeukia Verna, aliyekuwa akihema juu ya benchi. "Umevunja ahadi."

"Nimevunja. Niletee maji, mpenzi wangu, upesi, kabla sijamsimulia mkuu wako jinsi batamzinga walivyokufukuza mpaka suruali ikakuvuka."

Darold akakimbia. Mama Hendershot akaja kuketi karibu na Verna.

"Batamzinga gani?" akauliza.