Salamu za Muuza Dawa

Mimi nina hasira za karibu, na sioni sababu ya kuficha. Simu yangu ikilia saa ya kuamka najua siyo mtu. Ni mkopo wa haraka, ni bahati nasibu ambayo sijacheza, ni mganga wa kurudisha wapenzi, ni tajiri anayeniambia nimeshinda gari wakati hata baiskeli sijui kuendesha. Nilikuwa nasonya, nafuta, naendelea na biashara yangu ya mafuta ya alizeti hapa Singida mjini. Sikujua kwamba jumbe kama hizo zilikuwa zinaingia kwenye simu ya mama yangu kule Ilongero, na kwamba yeye hafuti.

Mama anaishi peke yake tangu baba atutoke. Ndugu zangu wako Dar na Mwanza, mimi ndiye wa karibu. Ana presha ya miaka mingi. Daktari wa kituo cha afya alimwambia mbele yangu kwamba vidonge vile haviachwi hata siku unapojisikia mzima, maana presha haipigi hodi. Basi kila nikienda, jicho langu la kwanza lilikuwa kwenye kopo la vidonge juu ya kabati, kuona kama vinapungua.

Jumapili moja nikakuta havijapungua. Pembeni ya kopo palikuwa na chupa ya plastiki yenye maji ya rangi ya chai iliyokolea, imebandikwa picha ya mzee anayecheka. Nikamuuliza mama ni nini hiki.

"Dawa," akasema. "Nimeletewa na watoto wangu."

Nikamuuliza watoto gani, maana mimi mtoto wake nilikuwa nimekaa hapo mbele yake na sikuleta chupa. Akafungua fundo la khanga, akatoa simu yake ndogo ya vibonye, akanipa nisome.

"Shikamoo mama. Umeamkaje leo? Usisahau afya yako. Dawa yetu ya mitishamba inamaliza presha, sukari na miguu kuwaka moto." Chini yake, kwa herufi zake za shule ya watu wazima, mama alikuwa amejibu: "Marahaba wanangu tumeamka salama mvua bado." Siku iliyofuata shikamoo nyingine, na marahaba nyingine. Niliendelea kushuka na kile kibonye mpaka kidole kikauma. Ng'ombe mwekundu anachechemea. Marahaba. Alizeti imeliwa na ndege. Marahaba, na ninyi huko mnaendeleaje, mbona hamsemi habari zenu.

Lazima nieleze hapa, maana mtu wa mbali anaweza kumcheka. Kwetu salamu haiachwi chini. Nikiwa mdogo nilichapwa kwa kumpita mzee mmoja kisimani bila kumwamkia, na ndoo ilikuwa kichwani imejaa. Na mzee naye ana wajibu wake: akiamkiwa akanyamaza, watu wanajiuliza ana nini moyoni. Mama alikuwa hajibu tangazo. Alikuwa anapokea heshima aliyopewa, kama alivyofanya maisha yake yote. Lakini neno lile marahaba liliwaambia wale watu kila walichotaka kujua, kwamba mwenye simu yuko hai, ni mzee, ni mpole na yuko peke yake.

"Mama, hawa ni wafanyabiashara. Hawakujui."

"Wananijua," akasema. "Juzi wameniuliza mguu wa ng'ombe."

Nikaanza vita. Nilichukua simu yake nikatuma neno la kujiondoa, kama tulivyoambiwa kwenye redio. Jibu likaja papo hapo kunishukuru kwa kuwasiliana nao, na kesho yake salamu zikawa za asubuhi na jioni. Nikaifungia ile namba, ikaja nyingine. Nikaifungia na hiyo, wakaacha kuandika wakaanza kupiga. Nilikuwepo siku moja walipopiga. Sauti ya kijana, laini, haina haraka, ikasema shikamoo mama. Mama akageuka upande wa ukuta ili azungumze naye vizuri, akacheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu msiba wa baba. Nilikaa pale na ndizi nilizomletea mapajani, nikaona wivu. Naam, wivu, wa muuza dawa.

Nilikwenda ofisi ya kampuni ya simu hapa mjini. Dada wa kaunta, mwenye kucha ndefu na adabu ya kukariri, akaniambia jumbe hizo ni za watu binafsi, siyo zao, na laini ni ya mama, kwa hiyo aje mwenyewe. Nikambeba mama kutoka Ilongero. Tukaamua bora laini mpya kabisa. Mashine ya alama za vidole ikamkataa. Mikono yake imelima na kusaga maisha yote, vidole vimekuwa laini kama kokoto ya mtoni. Wakampangusa kwa kitambaa, wakajaribu kidole hiki na kile, mwisho kidole gumba cha kushoto kikakubali. Laini ya zamani nilivunja mimi mwenyewe, pale pale kwenye ngazi za ofisi. Nilirudi nyumbani naimba.

Nilipokwenda tena Ilongero nikakuta chupa mpya, na kopo la vidonge limeshika vumbi. Nikachukua simu. Shikamoo mama, umeamkaje.

"Wameipataje hii namba?"

"Nimewapa," mama akasema, bila wasiwasi wowote. "Namba yao ilikuwa kwenye chupa. Mtu ukihama bila kuaga, watu watasemaje? Si watadhani umewakasirikia?"

Nilitoka nje nikasimama kwenye zizi hadi mori ukashuka. Pesa za alizeti zilikuwa zinakwenda huko, sawa, pesa inatafutwa. Kilichokuwa kinanitia hofu ni ule uso wake. Ulikuwa umeanza kuvimba chini ya macho, na asubuhi alikuwa anashika kichwa akidhani simwoni. Nikimwambia ameze vidonge ananiambia watoto wamesema asichanganye. Waliosema hivyo hawakuwahi kumfunga ule mkanda wa kupima presha mkononi hata mara moja. Sikio la kufa halisikii dawa, wahenga walisema, lakini hawakusema ufanye nini sikio hilo likiwa la mama yako.

Nikawapigia mwenyewe, kwa simu yangu. Nilijiandaa kutukana. Yule kijana akanitangulia.

"Shikamoo dada. Wewe ndiye yule wa mjini, wa mafuta? Mama ametuambia una hasira. Hasira si nzuri, presha nayo inakwenda na ukoo."

Nilikuwa sijataja jina wala kazi. Nikamwambia nitampeleka kwa wakaguzi wa dawa, nitampeleka polisi. Akasema kwa upole kabisa, "Sawa dada, sisi tunampenda mama," akakata. Kesho yake jumbe zikaanza kuingia kwangu, zikinipa pole kwa kazi.

Nilichokosa peke yangu nilikipata kwenye mashine ya kukamua alizeti. Msimu ule foleni ilikuwa ndefu, wanawake tumekaa juu ya magunia tunasubiri zamu, moshi wa dizeli na harufu ya mashudu vimetujaa kifuani. Simu ya mmoja wetu kutoka Mgori ikalia, akasoma akasonya. "Shikamoo mama, utadhani nimemzaa mimi." Nikamwomba nione. Maneno yale yale, hata pa kupumua pale pale. Mwingine akasema na mimi ninazo. Mwingine akasema baba mkwe wake kule Nduguti ameacha dawa za sukari kwa sababu yao. Kumbe kila nyumba ilikuwa na mtoto wake.

Ipo namba ya bure ya kuripoti matapeli. Peke yangu nilisharipoti huko hadi nikachoka. Siku ile tuliripoti wote, foleni nzima, tukiwa tumekalia magunia, anayejua anamwelekeza asiyejua, Waislamu na Wakristo, na mwenye mashine naye akaripoti. Tukakubaliana kwamba wakija na namba mpya tunafanya vile vile. Wakaja, tukafanya. Mama mmoja mwenye shemeji mkaguzi wa dawa alipeleka chupa ikapimwe. Dawa ya moto ni moto.

Na wakanyamaza. Nilipiga namba yao, nikaambiwa haipatikani. Nikapiga tena kwa raha tu, ili nisikie tena kwamba haipatikani. Siku ile nililala usingizi wa mtoto.

Ila mama hakurudi kwenye vidonge. Nilidhani atarudi mwenyewe, dawa ya chupa ikiisha. Chupa iliisha na yeye akabaki anakaa mlangoni na simu mkononi. Nikienda ananiuliza kama mtandao una matatizo. Ananipa simu niitazame kama haijaharibika. Namwambia mama, wale ni matapeli, wamefungiwa, sisi ndio tuliowafungia. Ananitazama kama mtu anayesikiliza redio ya nchi nyingine.

"Watakuwa wanaumwa," anasema. "Mtu aliyekuwa anakuamkia kila siku hanyamazi bure."

Sikuipenda ile sauti. Haikuwa ya malalamiko, ilikuwa ya mtu anayepanga jambo. Nilimpigia dada yangu wa Mwanza nikamwambia mama ana kitu anakiwaza, naye akaniambia nisijipe presha. Sote sasa tunatumia neno hilo ovyo.

Kwetu jirani akipotea, unakwenda kumjulia hali. Huendi mikono mitupu. Hilo nalijua tangu nizaliwe, na bado halikunijia kichwani.

Mama alikamata tetea wake mweupe, yule wa kutaga, akamfunga miguu. Akavaa khanga mpya. Akamwita dereva wa bodaboda aliyekuwa anamletea zile chupa, akamuuliza huwa anazichukua wapi. Dereva akasema ukweli, kwamba yeye hawajui wenyewe, anapewa mzigo kwenye ofisi ya vifurushi kule stendi ya mjini, unatoka na basi la Dar. Mama akasikia neno stendi, hakusikia zaidi. Akamwambia nipeleke. Naye akampeleka, kwa sababu mama mzima amependeza, ana kuku, anakwenda kujulia watu hali, utamkatalia vipi?

Mimi nilikuwa napima mafuta kwenye dumu namba ngeni iliponipigia. Nilijua ni tangazo. Nikakata. Ikapiga tena, nikakata, nikasonya. Mara ya tatu nikapokea ili nimpe vidonge vyake huyo mtu, na mwanamke mmoja akaniambia yuko stendi, kuna bibi ameanguka mbele ya ofisi ya vifurushi, alikuwa anauliza wanapokaa watoto wake, na namba yangu ndiyo iliyoandikwa nyuma ya simu yake.

Nilimkuta amelazwa kwenye benchi la wapiga debe. Mdomo umekwenda upande, jicho moja wazi. Mkono wa kulia ulikuwa umelala kando yake kama si wake. Wa kushoto ulikuwa bado umeshika miguu ya kuku, na ilibidi tumfungue kidole kimoja kimoja ndipo tumpandishe kwenye bajaji.

Hospitali walisema kiharusi. Walisema presha ilikuwa juu kiasi kwamba nesi alipima, akatikisa mashine, akapima tena. Siku za mwanzo hakusema kitu. Baadaye sauti ikarudi, nzito, maneno yamelegea, na wakasema sasa anaweza kumeza, nimpe vidonge vilivyopondwa kwenye uji. Nikamwinua, nikamwekea kijiko mdomoni. Akafunga mdomo. Nikambembeleza, nikamwita majina ya utotoni mwangu, nikakemea, nikalia mbele ya wagonjwa wengine. Akanitazama kwa lile jicho zima. Ilimchukua muda kuyakusanya maneno.

"Umewaona?" akasema. "Wazima?"

Kijiko kilikuwa mkononi. Nesi amesimama mlangoni ananisubiri na trei yake. Nilimwona yule kijana akilini, sauti bila uso, na ningekuwa naye pale ningemnyonga kwa mikono hii ya mafuta.

"Wazima, mama," nikasema. "Wanakuamkia. Wamesema umeze vidonge vya hospitali."

"Marahaba," akasema mama, akafungua mdomo.

Sasa yuko kwangu mjini, na simu yake imezimwa ndani ya kabati. Kila asubuhi kabla ya uji ninamletea salamu zao, nawatungia safari, nawatungia mafua, nimemwozesha hata yule kijana. Anasikiliza yote mpaka mwisho ndipo anameza. Asubuhi ninayoamka na hasira nikampa kijiko bila salamu, anafunga mdomo, anageukia ukutani na kusubiri.