Ramani Yenye Juu Mbili

Chemchemi iliyotunywesha sisi sote wa upande wetu wa Kibugu, huko Embu, haikuwapo kwenye ramani ya serikali. Tulilijua hilo siku mwanamume mmoja kutoka mjini alipokuja na karatasi ya kugawiwa kiwanja, akaanza kusimamisha nguzo za ua kando ya maji. Wanawake walipomuuliza, hakugombana nao. Alifungua ramani juu ya boneti ya gari lake akawaonyesha. Pale tulipokuwa tukichota maji palikuwa peupe. Kwa mujibu wa karatasi ile, hakukuwa na kitu cha kugombania.

Alichokuwa hajui ni kwamba sisi pia tulikuwa na ramani.

Ilikuwa imeanza kabla ya hapo, katikati ya miaka ya tisini, nilipokuwa nikifanya kazi kwenye duka la kompyuta mjini Embu. Tulichapa kadi za harusi, mitihani ya shule na ratiba za mazishi. Rafiki yangu mmoja, mwalimu wa jiografia katika shule iliyo juu ya mji wa Meru, alikuwa amechoka kufundisha kwa ramani ambazo wanafunzi hawakuona kwao ndani yake. Tukakubaliana. Watu wa kila mtaa wangechora wenyewe vijia vyao, mito, majosho ya ng'ombe na vituo vya kuuzia majani chai, wakipima kwa kamba ya katani. Mimi ningeingiza michoro hiyo kwenye kompyuta. Kutoka ramani za serikali hatukunakili hata mstari mmoja. Zile zilikuwa na wenyewe, na wenyewe walitaka kuombwa ruhusa kwa kila jambo.

Yetu haikuombewa ruhusa. Niliandika kila njia kwa herufi za kawaida, ili programu yoyote iweze kuisoma, na yeyote aliyeleta disketi yake tupu alinakiliwa ramani yote. Sharti lilikuwa moja: ukikuta kosa, urudishe marekebisho. Karani mmoja wa chama cha maziwa, aliyejifunza kuandika programu kwenye duka letu, aliichukua akaitungia programu ya kupanga njia za lori la kukusanya maziwa wakati wa mvua. Sikumsaidia, wala hakuniuliza. Nilifurahi kuliko kama ningeulizwa.

Siku tulipounganisha karatasi za Kibugu na za Meru, mito ya Meru ilitoka mabondeni ikapanda mlimani.

Mwalimu alikuwa amekaa kando yangu. Alikodoa macho kwenye kioo cha kompyuta.

"Kwenu maji yanapanda mlima?" nikamuuliza.

"Kwetu hata maji yana bidii," akasema. "Si kama nyinyi watu wa Embu, mnangoja kila kitu kiteremke."

Ilituchukua muda kuona kilichotokea. Kwetu hakuna mtu anayekuelekeza kaskazini au kusini. Unaambiwa panda, au teremka. Juu ni kwenye mlima, chini ni kwenye joto. Kila kikundi kilikuwa kimeweka Mlima Kenya juu ya karatasi, na mimi nikachukulia kwamba juu ya kila karatasi ni kaskazini. Kwa Kibugu mambo yalikwenda sawa, maana mlima tunao upande wa kaskazini. Kwa Meru mlima uko kusini. Ni mlima uleule, ila wao wanautazama kutoka ng'ambo.

Mwalimu alitaka watu wake wachore upya. Nilimsindikiza kwenye mkutano wao wa maji, na mwenyekiti wa kikundi, mama mwenye sauti ya kuita ng'ombe, akatusikiliza hadi mwisho.

"Mwalimu, nikitoka hapa kwenda msituni, ninapanda au ninateremka?"

"Unapanda, mama."

"Basi juu ni wapi?"

Watu wakacheka. Mwalimu naye akacheka.

"Mwambie huyu wako wa kompyuta aigeuze hiyo kompyuta," mama akasema. "Mlima hatuugeuzi."

Nikaigeuza. Kila karatasi niliiongezea neno moja, "juu", na mbele yake upande ambao watu wa hapo wanauita juu. Programu ilisoma neno hilo kwanza, kisha ikaizungusha karatasi ikae mahali pake. Hakuna aliyechora upya.

Kwa hiyo nguzo zilipoanza kusimama kando ya chemchemi, kamati yetu ya Kibugu ilichapisha karatasi yake na kuipeleka ofisi ya ardhi. Niliandamana nao. Chemchemi ilikuwamo, na njia yake, na majina ya waliozipima. Afisa aliishika karatasi kwa ncha za vidole.

"Nani aliwapa ruhusa?"

"Ya kufanya nini?" mwenyekiti wetu akauliza.

"Ya kutengeneza ramani."

"Tulitembea tu, bwana. Kutembea kunahitaji ruhusa?"

Afisa akasema hii si ramani, ni mchoro. Ramani hutengenezwa na serikali. Kisha akanigeukia, akaniagiza nilete disketi pamoja na nakala zake zote.

Nikamwambia siwezi. Nakala moja ilikuwa kwenye chama cha maziwa, nyingine kwenye zahanati, nyingine kanisani, na wale walikuwa wamewanakilia wengine. Sikujua zilipo zote. Tuliipanga kazi yetu hivyo tangu mwanzo, na sikuona haya kumwambia.

"Kama ni mchoro tu," mwenyekiti akaongeza, "unautakia nini?"

Afisa aliikunja karatasi. Akaiweka kwenye droo yake. Tulimwachia. Tulikuwa tumechapisha nyingine, na kesho yake moja ilibandikwa kwenye mlango wa kanisa, nyingine kwenye kituo cha majani chai. Wanawake waliendelea kuchota maji wakipita katikati ya nguzo, ndoo mgongoni, wala hawakumwamkia fundi aliyeletwa kujenga ua.

Fundi akaacha kuja. Baadaye ofisi ya ardhi ilitoa ramani mpya ya sehemu yetu, na kamati ikaitwa kuitazama. Chemchemi imechorwa, mahali hasa tulipoichora sisi. Njia ya kuifikia haimo. Mwenyekiti aliuliza watu watafikaje kwenye maji, akaambiwa suala hilo linashughulikiwa. Kiwanja hakijafutwa, wala hati yake haijatolewa. Nguzo zimesimama hadi ukingoni mwa njia, pande zote mbili, na waya haujafungwa.