Giaboksi la Baba, Kutoka Likoni hadi Jomvu Kuu

Nilifunga safari hii kwa sababu ya mikeka mitatu. Ami, mdogo wake marehemu baba, aliileta nyumbani kwetu Likoni asubuhi moja, mipya, imeviringwa na kufungwa kwa ukili, akaiegemeza ukutani. Mmoja ulikuwa wa Mwanasha, aende kukaa kwa shangazi huko Gazi. Wa pili wa Athumani, aende Vanga. Wa tatu wa Bakari, kitinda mimba wetu, abaki kwake Ami. Mimi, kifungua mimba, niliyeacha shule mama alipofariki ili niwalee hao watatu, sikuletewa mkeka. Nilikuwa nimekwisha kutafutiwa mume.

Ami hakuwa mtu mbaya. Aliona tu kwamba lori la baba, lililotulisha kwa kubeba nazi na makuti hadi kisiwani, lilikuwa linakufa. Giaboksi lilinguruma kama mashine ya kusaga, na gia ya pili ilichomoka kila tulipokuta mlima. Alikwisha kupata mtu wa kulinunua kama vyuma vikuukuu. Nilipofungua kinywa alisema, "Mtoto wa kike hunyamaza wakubwa wakisema."

Sikunyamaza. Nilimwomba anipe mpaka mwisho wa mwezi wa Shaaban, nikalitengeneze. Lori likirudi zima, watoto wabaki nami, na huyo mume angoje. Lisiporudi, achukue mikeka yake na awagawanye atakavyo. Alikubali, nadhani kwa kuchoka kunisikia.

Kivukoni Likoni tulifika maji yakiwa yamejaa. Mzee Hamisi, aliyeliendesha lori hilo tangu baba alinunue, alikataa kabisa kuondoka kabla ya hapo. Maji yakipwa, njia ya kushukia kwenye feri huwa ndefu na kali, na ya kutokea ng'ambo ya pili ni vivyo hivyo, mlima usiopandika bila gia ya pili. Kazi yangu ilikuwa kuishika gia isichomoke. Niliizungushia leso, nikaivuta kwa mikono miwili huku nimekaza miguu.

"Ukiachia," alisema Mzee Hamisi, "tunarudi baharini kinyumenyume."

Sikuachia. Mchukuzi mmoja aliniona na buibui langu, nimeng'ang'ania pale, akauliza kama naendesha lori au nakama ng'ombe. Feri nzima ikacheka. Nilimwambia akipenda maziwa atangulie mbele ya gurudumu.

Kutoka hapo tulikatiza kisiwa, tukavuka daraja la Makupa, na njia nzima Mzee Hamisi alikuwa na neno moja: tununue giaboksi jingine. Kulifungua hili na kulitengeneza ni kujitia mkononi mwa fundi, na fundi niliyemjua mimi ni mume wa mama mdogo, Fundi Salimu wa Jomvu Kuu, ambaye kwa maneno ya Mzee Hamisi angelitengeneza mpaka Kiyama. Jingine lingefungwa alasiri moja tu. Fedha nilizofunga kwenye pindo la leso zilitosha jambo moja kati ya hayo mawili, na nikikosea hapakuwa na la pili. Mikono ilikuwa inaniuma. Nikakubali tuanzie kwa muuzaji.

Changamwe, karibu na reli, muuzaji wa vyuma alitupokea kwa chai na maneno mengi. Giaboksi lake lilikuwa juu ya meza, limepakwa rangi nyeusi mpya. Alilizungusha kwa mkono, likazunguka bila sauti hata kidogo. Mzee Hamisi aliinamisha sikio, akatabasamu kama mtu aliyeletewa biriani. Alinikonyeza nitoe fedha.

Mimi nilitaka kuona ndani. Muuzaji alinitazama, kisha akasema na Mzee Hamisi kana kwamba mimi sipo: "Mwambie binti yako hili si sufuria, halifunuliwi funuliwi."

Pembeni mwa giaboksi palikuwa na kifuniko kidogo cha kutilia oili. Nilimwomba Mzee Hamisi akilegeze kwa spana, na muuzaji kabla hajazuia nilikuwa nimechomoa njiti kwenye ufagio wake wa chelewa na kuichovya. Ilitoka na oili nzito yenye chengachenga. Nikanusa. Kila siku ya maisha yangu, tangu mama afe, nimekuna nazi, nikakamua tui, nikatupa machicha. Najua yanavyonuka yakilala siku moja, na yakilala wiki. Yale yalikuwa yamelala zaidi.

"Wallahi hili ni sufuria, bwana," nilisema. "Tena uliyepika hukumaliza kuosha. Machicha yote yamo ndani."

Mzee Hamisi alichukua njiti, akanusa, akaiweka mezani. Tulipotoka ndipo aliponieleza kwamba amewahi kusikia watu wakijaza maganda ya ndizi au unga wa mbao ili meno ya gia yaliyokwisha yasipige kelele. Machicha hakuwahi kuyasikia. Chai tulikuwa tumekwisha kuinywa, na sikuona haya.

Jomvu Kuu, kando ya hori ya bahari, tuliingia jua likielekea kushuka. Mama mdogo Mwanaidi alitoka mlangoni, nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba na papo hapo akaanza kunigombeza: mwari gani huyu anayezurura na malori, watu wa hori yote wameniona. Aliendelea kunigombeza huku akinipakulia wali na kunikanda mikono kwa mafuta ya nazi.

Kesho yake Fundi Salimu alilishusha giaboksi letu, akalifungua juu ya jamvi kuukuu na kupanga vipande kwa utaratibu ule ule vilivyotoka. Halikuwa na machicha, lilikuwa na uzee tu. Shafti ilikuwa nzima. Beringi zilikuwa zimekwisha, na gia ya pili meno yake yalikuwa yamelika kama ya mzee mla tambuu. Vyote hivyo alikuwa navyo, vya lori la aina ile ile alilolivunja mwenyewe. Shida ilikuwa gia ya kwanza. Jino moja lilikuwa limemeguka ncha, naye hakuwa na ya kuibadilisha.

"Nitalinyoosha kwa tupa," alisema. "Litakubeba, mwanangu. Lakini kila likizunguka litagonga. Halitanyamaza."

"Lisiponyamaza kuna ubaya gani?"

"Aibu tu, mbele za watu."

"Aibu nimeizoea. Litengeneze."

Hakulitengeneza mpaka Kiyama, ingawa alijaribu. Kila beringi aliiosha kwa mafuta ya taa, akaiangalia kwenye mwanga, akaiosha tena. Shaaban ilikuwa inayoyoma, nami kila jioni nilimuuliza, naye kila jioni alijibu inshallah. Siku lilipokamilika aliingia mwenyewe ndani ya lori, akalipandisha na kulishusha mlima wa Jomvu mpaka Mama mdogo akasema kijiji kimesikia, inatosha.

Kivukoni, safari ya kurudi, maji yalikuwa yamekupwa. Upande wa Likoni njia ilionekana imesimama kama ukuta. Mzee Hamisi alitaka tusubiri yajae. Nilimwambia kama halipandi sasa basi halikupona, na Ami ana haki. Alinitazama, akapiga bismillahi, akaliingiza kwenye feri.

Tulipofika ng'ambo alitia gia ya kwanza. Tak, tak, tak, likaanza kupanda. Wachukuzi waligeuka. Katikati alitia gia ya pili, nami mikono ilinipaa yenyewe kuishika. Nikairudisha mapajani. Gia haikuchomoka. Tulitokea juu barabarani na tak-tak yetu imenyamaza mpaka mlima mwingine.

Nyumbani, Shaaban ikiwa bado haijakwisha, Ami alikuwa barazani na mnunuzi wake. Mzee Hamisi aliliingiza uani kwa gia ya kwanza, makusudi.

"Lina kelele," alisema Ami.

"Naam, Ami, lina kelele. Na limepanda kivuko maji yakiwa yamekupwa."

Mnunuzi alilizunguka lori mara moja, akaaga. Ami akamwuliza Mzee Hamisi kama ni kweli. Mzee Hamisi akasema ni kweli, na kwamba kesho ana mzigo wa makuti wa kumpelekea Fundi Salimu, ndiyo sehemu ya ujira wa fundi.

Katika safari hii nilijifunza kutoamini kitu kwa sababu kimenyamaza, na kutokukitupa kwa sababu kinapiga kelele. Niliingia ndani. Mikeka ilikuwa bado ukutani. Nilikata ukili, nikaitandika yote mitatu sakafuni, ubavu kwa ubavu, nikatoka barazani.

"Mikeka mizuri, Ami," nilimwambia. "Tumeshukuru. Watailalia hapa."